Nyunzu: kabla ya kusukuma mtumbwi kwenye Lukuga, angalia kwanza miguu

Katika teritwari ya Nyunzu, jimbo la Tanganyika, mkaaji wa kando ya mto Lukuga anayetaka kufika kwenye nyavu zake au kuvuka kwenda shamba la ng'ambo lazima kwanza aingize mtumbwi majini. Kazi hiyo haimalizi hata dakika kumi. Lakini ni ndani ya dakika hizo ndipo mguu hukanyaga chupa iliyovunjika, kisiki kilichofichwa na tope au jiwe lenye utelezi. Ni hapo pia vijidudu vya kichocho hupata ngozi ya kupenya.

Mvuvi akiulizwa vyombo vya safari, atataja kasia, pondo, nyavu, kopo la kutolea maji na siku hizi jile la kuokolea maisha. Kiatu ni nadra kutajwa. Wengi huvua kambambili, huzitupa ndani ya mtumbwi na kusukuma wakiwa peku. Wengine huingia majini na buti ndefu za mpira, zile zinazovaliwa shambani wakati wa mvua, wakiamini kwamba buti ndefu ndiyo salama zaidi.

Njia zote mbili zina hasara yake. Kati ya hizo mbili ipo njia nyingine, ambayo mabaharia wa mitumbwi midogo katika nchi za baridi wameizoea: kiatu kinachobana mguu, chenye soli ngumu, ambacho hakiogopi kulowa. Mtu wa Nyunzu anaweza kuchukua somo la kiatu hicho hata kama hatakinunua kamwe.

Mto mmoja, kingo za kila namna

Lukuga ndio mto pekee unaotoa maji katika ziwa Tanganyika. Unaanzia Kalemie, unaelekea magharibi, unapita Nyunzu na kwenda kumwaga maji yake kwenye Lualaba, ambao ndio mwanzo wa mto Kongo. Kwa hiyo ziwa likijaa, habari hufika pia kwa watu wa mtoni. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana hadi yakaingia katika makazi na barabara za mji wa Kalemie.

Maji yanapopanda, mahali pa kupakia na kupakulia hakubaki palepale. Mtumbwi unasukumwa kutoka kwenye majani, kwenye shamba lililofunikwa na maji, au karibu na vibanda ambavyo mwezi mmoja kabla vilikuwa juu ya nchi kavu. Chini ya maji hayo kuna visiki vya mihogo na miti, misumari ya mbao za zamani, makopo na chupa. Mkanyagaji hawezi kuviona, kwa sababu maji ya wakati wa mvua yana rangi ya udongo.

Kiangazi kikifika, maji hushuka, na ukingo unaacha tope zito na mawe yenye ukungu wa kijani. Mahali pale pale palipokuwa na majani mwezi wa nne, mwezi wa nane panaweza kuwa na utelezi mtupu. Mtu anayetegemea kwamba anajua kivuko chake kwa sababu amekitumia miaka mingi anaweza kuumia palepale alipozaliwa.

Peku, au buti ndefu?

Mguu usio na kiatu una faida moja ya kweli: unahisi. Vidole hushika tope, na mtu anajua mara moja kama amesimama kwenye mchanga au kwenye jiwe. Ndiyo maana wavuvi wengi hawataki kusikia habari ya viatu.

Hasara yake inaonekana siku ya jeraha. Kidonda cha unyayoni kinachelewa kupona kwa mtu ambaye kila asubuhi lazima arudi majini. Mwenye kidonda hawezi kubeba gunia la mihogo, hawezi kusukuma baiskeli, hawezi kusimama kwenye mtumbwi na pondo. Nyumba inayokula kutokana na kazi ya siku inaanza kukopa. Na jeraha lenye udongo linaweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli na kuua. Chanjo yake ipo, na jeraha jipya la unyayoni ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya kuuliza kama chanjo ya mwisho ilichomwa zamani mno. Nyumbani, kazi ya kwanza ni kuosha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni. Majivu, udongo, mafuta ya gari au kinyesi cha mifugo havitibu. Vinaingiza uchafu ndani.

Pia kuna samaki. Ngogo ana miiba migumu mgongoni na pande zote mbili za kichwa, na anaweza kuisimamisha ikakaza. Ngogo aliyetupwa ufukweni au kwenye maji mafupi hupenya kambambili laini bila shida.

Buti ndefu ya mpira ni kiatu kizuri mahali pake. Shambani inakinga tope, umande, miiba na hata nyoka. Kwenye maji yasiyofika nusu ya buti, inaacha mguu mkavu kabisa. Tatizo linaanza maji yanapovuka mdomo wake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kila buti ikimeza lita mbili tu, mtu anabeba kilo nne za ziada miguuni anapojaribu kuinua mguu juu ya ukuta wa mtumbwi.

Wengi husema buti iliyojaa maji humvuta mtu chini kama jiwe. Si hivyo hasa. Maji yaliyo ndani ya buti, wakati buti yenyewe iko chini ya maji, hayana uzito wa kumzamisha mtu. Kinachotokea ni kwamba buti pana huzuia mguu kupiga maji, na uzito wote hurudi pale mtu anapojaribu kutoka: kupanda mtumbwi, kupanda ukingo, au kujinasua katika tope. Aliye tayari na uchoka na hofu hushindwa hapo hapo. Kwa hiyo kanuni ni fupi: kama kazi yako inakupeleka majini kupita magoti, buti ndefu pana ibaki ufukweni.

Kiatu kilichozaliwa kwenye baridi

Katika nchi kama Uingereza, Ufaransa au Kanada, watu wanaoingiza mashua ndogo za matanga na mitumbwi majini huvaa viatu vya neoprini. Neoprini ni mpira wa kutengenezwa viwandani. Wakemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani waliupata mwaka 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California alikuja na wazo la kuutumia kwa mavazi ya wapiga mbizi, ukiwa umefanywa kama sponji yenye vipovu vidogo vya gesi.

Wazo la Bradner lilishangaza wengi: si lazima mtu awe mkavu ili asisikie baridi. Maji kidogo yanaingia kati ya ngozi na vazi, mwili unayapasha joto, na vipovu vinazuia joto hilo lisitoroke. Lakini hilo linafanya kazi kwa sharti moja. Vazi lazima libane. Likiwa pana, maji ya joto yanatoka na ya baridi yanaingia kila hatua.

Viatu vyake vinafuata kanuni hiyo hiyo. Hufika juu ya kifundo cha mguu, vina zipu au mkanda, na soli yake ni mpira mnene wenye mifereji. Unene wa kitambaa hutajwa kwa milimita: 3 kwa maji ya wastani, 5 kwa maji ya baridi, 7 kwa baridi kali.

Mtu wa Nyunzu hahitaji joto hilo. Maji ya juu ya ziwa Tanganyika, yanayolisha Lukuga, hayashuki sana chini ya nyuzi 24 za Selsiasi mwaka mzima. Kiatu cha milimita 5 au 7 hapa kitapika mguu. Anayekikuta katika robota la mitumba na kukipenda, achague chembamba, chenye soli nene. Asiyekipata asihuzunike, kwa sababu mambo matatu yanayofanya kiatu hicho kifae yanapatikana pia katika viatu vingine: kinashika mguu kisitoke, kina soli isiyotoboka kwa urahisi, na kikilowa hakigeuki mzigo.

Namna ya kuchagua sokoni

Jaribio la kwanza ni la kisigino. Vaa kiatu, simama, inua mguu na uutikise kwa nguvu. Kisigino kikitoka, tope la Lukuga litakimeza kiatu hicho siku ya kwanza. Ndiyo maana kambambili hazifai: hazina kitu cha kushika nyuma, na zikinasa kwenye tope mtu huanguka mbele, mara nyingi juu ya mtumbwi wenyewe.

Jaribio la pili ni la soli. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya unyayo. Kama unakihisi kidole vizuri upande wa pili, msumari na mwiba vitapita pia. Kisha geuza kiatu uangalie chini. Soli iliyolainika na kufutika michoro, hata ikiwa nene, itateleza kwenye jiwe lenye ukungu.

Jaribio la tatu ni la maji. Mimina maji ndani ya kiatu, kisha kiinue. Yakitoka yote mara moja, ni kiatu cha mtoni. Yakibaki, utayabeba.

Kwa vipimo hivyo, sandali za plastiki zenye mkanda wa nyuma na sehemu ya mbele iliyofunikwa zinashinda viatu vingi vya bei kubwa. Makubazi ya mpira wa tairi, yale ambayo Watanzania huyaita katambuga, yana soli ambayo msumari hauipiti kirahisi; yakiongezewa mkanda wa kisigino, yanafaa. Raba za zamani za kitambaa nazo zinafaa zikitobolewa matundu machache ubavuni, karibu na soli, ili maji yatoke. Kamba zake zifungwe kwa fundo fupi na ncha ziingizwe ndani, zisije zikanasa kwenye nyavu.

Kuhusu kipimo, kiatu cha majini kisiwe kikubwa. Vidole viguse mbele bila kujikunja. Kiatu cha neoprini au cha kitambaa hulegea kidogo kikilowa. Kile ambacho ni kipana kikiwa kikavu kitakuwa kipana zaidi mtoni. Hii ni shida ya familia nyingi ambamo kiatu kimoja huvaliwa na baba asubuhi na kijana jioni. Kikiwa kikubwa kwa kijana, asaidiwe kwa mkanda wa mpira wa baiskeli unaozunguka chini ya soli na juu ya mguu.

Kuvaa, kuvua na kukausha

Kabla ya kuvaa, kiatu kipigwe chini na kukung'utwa. Kiatu kilicholala nje usiku ni nyumba nzuri ya nge na wadudu wengine. Soksi nyembamba inayobana husaidia sana, kwa sababu kinachochubua mguu majini si maji bali ni mchanga unaosugua kati ya ngozi na kiatu. Aliye na kiatu cha neoprini avae mguu wa suruali juu ya kiatu, si ndani yake. Suruali iliyoingizwa ndani inageuka mfereji wa kujaza maji.

Kiatu kisivaliwe siku nzima kikiwa kimelowa. Ngozi iliyokaa majini kwa saa nyingi inalainika, inachanika na kuota fangasi kati ya vidole. Mtumbwi ukishapata maji na safari ni ndefu, vua, mwaga maji, acha miguu ipate hewa, na uvae tena kabla ya kushuka. Kosa la kawaida ni kukumbuka kiatu wakati wa kuondoka na kukisahau wakati wa kufika, ingawa ukingo wa kufikia ndio usiojulikana zaidi.

Jioni, kiatu kisuuzwe kwa maji safi na kuanikwa kivulini penye upepo. Moto wa mkaa huachanisha gundi, hupindisha plastiki na kuukausha mpira hadi upasuke.

Kusukuma bila kuumia

Kiatu kizuri hakitoshi ikiwa aliyekivaa amesimama mahali pabaya. Mtoni, mtu asisimame upande ambao mkondo unasukumia mtumbwi. Mtumbwi uliojaa maji na mizigo, ukisukumwa na mkondo, unaweza kumbana mtu kwenye mti au ukingoni, na nguvu za watu wawili hazitautoa. Simama upande maji yanakotokea. Ziwani, kama Kalemie penye mawimbi, kanuni ni ile ile kwa maneno mengine: usikae kati ya mtumbwi na nchi kavu, kwa sababu wimbi moja hutosha kuutupa juu ya miguu yako.

Kabla ya kuingia, piga chini kwa pondo. Pondo itakuambia kina, tope na kisiki kabla mguu haujakuambia. Ukitembea majini usiinue miguu juu. Iburuze polepole, ili samaki mwenye mwiba aondoke na ili uguse kitu kabla ya kukikanyaga. Mwenzako ashike mtumbwi, nawe uingie ukiwa umeinama, mikono yote miwili juu ya kuta zake.

Na jile livaliwe ufukweni, si katikati ya safari. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama kwenye ziwa Kivu ikiwa karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa nchi kavu. Watu wengi walikufa. Ukaribu wa ufuko haukuwaokoa.

Kile ambacho kiatu hakiwezi

Jambo moja lazima lisemwe wazi: kiatu cha majini hakizuii kichocho, ambacho wengi hukijua kwa jina la bilhazia. Ugonjwa huu huletwa na minyoo ambayo sehemu ya maisha yake hukaa ndani ya konokono wa maji baridi. Mtu mgonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huingia mtoni. Konokono huyabadilisha kuwa vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu.

Kiatu kinachoruhusu maji kuingia kinaruhusu pia vijidudu. Buti ndefu inakinga, lakini mpaka maji yatakapoingia kwa juu. Zaidi ya hapo, anayesukuma mtumbwi hulowa hadi mapajani. Kinachopunguza hatari ni kukaa majini muda mfupi, kuchagua mahali penye mkondo kuliko penye maji yaliyosimama na magugu, ambako konokono hupenda kukaa, na kutanguliza kazi za asubuhi mapema, kwa kuwa vijidudu vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Maji ya kuoga yaliyotekwa mtoni na kuwekwa kwenye chombo kisicho na konokono siku mbili hayana tena vijidudu hai.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2021 zaidi ya watu milioni 251 duniani walihitaji dawa ya kuzuia kichocho, na wengi wao wanaishi Afrika. Dawa yenyewe ni prazikwanteli, inayotolewa kulingana na uzito wa mtu. Tangu mwaka 2022 OMS inashauri, katika maeneo yenye ugonjwa mwingi, kampeni za dawa zisiishie kwa watoto wa shule bali zifikie pia watu wazima na watoto kuanzia miaka 2. Hilo linamhusu mvuvi moja kwa moja. Damu katika mkojo au choo, maumivu ya tumbo yasiyoisha au tumbo kuvimba si uchovu wa kazi. Ni sababu ya kwenda kupimwa. Na aliyetibiwa anaweza kuambukizwa tena akirudi majini.

Kivuko kizuri ni kiatu cha wote

Nyunzu si mgeni wa habari za kuingiza vyombo vidogo majini. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walisafirisha mashua mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia Katanga. Sehemu ya mwisho ya safari hiyo ilikuwa njia ya reli inayotoka Kabalo kwenda ziwani, ambayo ndiyo hii inayopita Nyunzu. Mwezi Desemba ziliingizwa kwenye ziwa Tanganyika, na tarehe 26 ya mwezi huo zikaiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Kazi kubwa kuliko vita vyenyewe ilikuwa kuzifikisha majini bila kuzivunja: kutengeneza njia, kujenga madaraja, kuandaa mahali pa kuzishushia.

Mtumbwi wa mti mmoja hauhitaji reli. Unahitaji ukingo uliosafishwa. Salongo ya asubuhi moja inatosha kung'oa visiki, kuokota chupa na misumari, kufyeka magugu ya maji, kupanga mawe au mifuko ya mchanga pale penye tope, na kuacha magogo mawili matatu ya kuviringishia mitumbwi ili watu wasilazimike kuingia hadi kiunoni. Choo kikichimbwa mbali na kivuko, na watoto wakifundishwa kukitumia, konokono wa pale hawatapata tena mayai ya kubeba.

Salongo hiyo irudiwe mara mbili kwa mwaka, maji yakipanda na maji yakishuka, kwa sababu kila msimu mto huleta uchafu mpya. Kati ya salongo moja na nyingine, kila mtu abaki na kiatu chake: kinachobana, chenye soli ngumu, kinachotoa maji, na kilichofungwa vizuri kabla ya mkono kugusa mtumbwi.